Kifuniko cha Kijani Ndani ya Gari Lisilo na Dereva

"Mama yangu alipanda mzima, akashuka maiti. Halafu unaniambia gari halikuwa na kosa."

Aliyesema hivyo ni Dereva, jirani yangu wa mlango wa kushoto. Aliyekuwa anasemwa ni Fundi, wa mlango wa kulia.

Mimi nimesimama katikati ya korido, kitana mkononi. Ndani nimeacha mteja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado.

Ugomvi ukizuka kwenye nyumba yetu, haunipiti. Najulikana kwa hilo.

Ngoja kwanza niwaeleze hayo magari.

Mtaani kwetu kuna vigari vya watu wanne vinavyopita kwenye reli, juu ya vichwa vya watu. Havina dereva. Unaingia, unabonyeza kituo unachokwenda, mlango unajifunga. Hakuna kusimama njiani mpaka ufike.

Tuliviita mabubu, maana hakuna wa kumwambia "shusha hapo".

Dereva aliendesha teksi miaka ishirini. Mabubu yalipokuja, kazi ikafa. Siku hizi kuku wanatagia kwenye kiti chake cha nyuma.

Lakini kwa wenye wazee ilikuwa nafuu. Unampandisha mama huku, unampigia simu ndugu kule, anampokea. Kama kifurushi. Sote tulifanya hivyo.

Jumanne ile Dereva alimpandisha mama yake kwenda kliniki. Safari ya dakika kumi na nne.

Mlango ulipofunguka kule, dada yake Dereva alimkuta mama amekaa, mkoba mapajani, ameshakata roho.

Moyo, daktari alisema. Angewahiwa, labda.

Sasa, kila bubu lina kitufe chekundu. Ukikibonyeza, mtu wa ofisini anakujibu kwenye kipaza sauti, na gari linaingia kituo cha karibu.

"Kwa nini hakujibiwa na mtu?" Dereva akauliza. "Kitufe kilikuwa kibovu. Na asubuhi ile wewe ndiye uliyesaini kwamba gari ni zima."

"Kaka, nilikijaribu alfajiri. Kilifanya kazi."

"Kawaambie hivyo wakubwa zako kesho."

Kesho yake Fundi alikuwa ameitwa kujieleza, na kila mtu alijua kinachofuata ni kufukuzwa. Chumba anachoishi alipewa pamoja na kazi. Mkewe ana mimba ya miezi minane.

"Afungashe tu," mzee wa juu akadakia kutoka kwenye ngazi. "Hatulali na muuaji ukuta mmoja."

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifuniko cha kijani cha kopo la mafuta ya nywele. Selotepu inaning'inia.

"Nilipolikagua gari baada ya msiba, nilikikuta kimebandikwa juu ya kitufe. Ofisini wanasema nimekiweka mwenyewe ili nijitetee."

Akatuonyesha mmoja mmoja. Selotepu ilikuwa na mikwaruzo ya kucha.

Dereva alikitupia jicho mara moja, akageuza uso.

Mafuta yale nusu ya mtaa wanapaka, kwa hiyo hakuna aliyenitazama mimi.

Ila mimi nilijua.

Iko hivi. Mkijaa wanne kwenye bubu, na mikoba, na viwiko, kitufe kile kinabonyezwa bila kukusudia. Gari linakatisha safari, na umbea unakatikia patamu. Kwa hiyo wanawake wa mtaa huu tulikuwa na mtindo wetu. Kifuniko juu, selotepu, ukishuka unabandua.

Jumanne ile sikubandua. Tulikuwa tunamcheka mwanamke fulani aliyerudishwa kwao. Nikashuka nafuta machozi ya kicheko.

Kituoni Dereva na mama yake walikuwa wanasubiri. Nikamwamkia bibi. Nikamshikia mpaka mlango.

"Ingia mama, kiti bado kina joto."

Basi nikawaacha na ugomvi wao koridoni. Nilirudi ndani, nikamalizia kichwa cha watu. Mteja akasema leo unanivuta sana. Ukutani nilisikia mke wa Fundi anafungia vyombo kwenye magazeti, kimoja kimoja.

Kabla jua halijazama nikagonga kwa Dereva.

"Kaka, kile kifuniko ni changu."

Nikamweleza yote, hadi kile kicheko. Nilijikaza nisilie, maana ningelia angelazimika kunibembeleza.

Nikasubiri kofi.

"Nilikiona," akasema.

"Ulikiona lini?"

"Nikimfunga mkanda. Nilikiona, nikakiacha."

Nikamuuliza kwa nini.

Akanieleza. Mama yake kila safari alikuwa anakibonyeza. Si kwamba anaumwa. Akijibiwa tu, anamuuliza kijana wa ofisini kama ameoa, kama mama yake hajambo. Alitaka mtu wa kuongea naye njiani, na bubu halina mtu. Mara tatu Dereva ameitwa kuonywa kwamba mzee atafungiwa kusafiri.

"Nikasema leo atafika bila kunitia aibu," akasema. "Dada, moyoni nilimshukuru aliyekiweka."

Ndugu zangu mnaosoma, nimejifunza kwamba anayepiga kelele kuliko wote msibani wakati mwingine hamtafuti mkosaji, anamkimbia. Na kitu kilichowekwa kwa ajili ya anayezidiwa usikizibe kwa sababu kinakukatia starehe. Mimi ninayependa nyumba ijae watu, nilimnyima mzee mtu mmoja wa kumwitikia.

Dereva akavaa kandambili, akavuka korido. Nikamfuata.

Fundi akafungua mlango. Nyuma yake maboksi yameshafungwa kamba.

"Kesho tunakwenda watatu," Dereva akamwambia, macho sakafuni. "Huyu atasema alichofanya. Mimi nitasema nilichoona."

Fundi alitutazama, akanitazama tena mimi peke yangu.

"Shemeji amekula?" nikamuuliza.

"Tangu asubuhi, bado."

"Mwite. Chakula kipo kwangu, njooni mle."