Jumamosi Niliyopigwa Faini Shambani Kwangu

Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini ukipita Kathonzweni uone nyumba ya mabati mekundu, simenti tupu hadi chooni, jua ni yangu. Nilianza na kusukuma wilibaro. Leo nina duka la hadwea na pikapu, na hakuna aliyenishika mkono. Kwa hivyo sikutarajia hata siku moja kumwonea wivu mtu wa majembe.

Huyo ni jirani wa shamba langu la kule chini. Kila Jumamosi anatoka na familia nzima, mke, watoto, hadi nyanya na fimbo yake, wanachimba mitaro ya kuzuia maji ya mvua. Na wanacheka! Kicheko kinavuka korongo kinanipata nikiwa na vibarua wangu, kila mtu kimya. Watoto wangu watatu wako nyumbani na simu. Msichana mkubwa, wa kidato cha tatu, tulikuwa tumefika mahali tunaongea akitaka nauli tu. Iliniuma. Nimejenga nyumba kubwa hivyo, halafu ndani sina mtu wa kupiga naye hadithi.

Basi nikatoa majembe mapya dukani, nikawabeba wote pamoja na mama yao. Shambani nikapanda juu ya kichuguu, nikaanza kazi ninayoijua. "Wewe hapa! Wewe pale! Udongo unatupwa juu, si chini!" Kabla jua halijapanda, wavulana wangu wawili walikuwa na kiu isiyoisha, na msichana amerudi kwa pikapu, amefunga kioo.

Jirani akaja akicheka. "Tajiri, umeleta familia ama umeleta vibarua?"

"Familia."

"Sasa mbona unawasimamia? Hujawahi kuenda mwethya?"

Mwethya kwetu ni majirani kulimiana kwa zamu. Nimekulia humo. Mwenye shamba siku hiyo si mkubwa: kikundi kinachagua kiongozi, yeye anashika jembe kama wengine. Huu ubosi ulikuwa umenisahaulisha.

Nikamwita kitinda mimba, wa darasa la tatu. "Leo kiongozi ni wewe."

"Hata wewe nitakutuma?"

"Hata mimi."

Akapanda kichuguu changu. "Mama, pumzika. Baba, chimba!" Mke wangu alikaa chini haraka sana, mpaka nikashuku walikuwa wamepanga.

Nikachimba. Na nisidanganye, kwa jembe hakuna mtu Makueni ananiweza. Lakini simu ikalia, mteja anataka mabati, nikaishika.

"Faini!" kitinda mimba akapiga kelele. "Mwenye kushika simu anakimbia hadi kwa ule mti wa mgunga na kurudi!"

"Lakini huyu ni mteja wa..."

"Mbio!"

Nikakimbia. Tumbo lilitangulia, gamboti zikafuata. Nyuma nikasikia mlango wa pikapu ukifunguka, na kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msichana wangu atoke primari.

"Baba! Unakimbia kama punda mwenye mitungi pande zote! Ngoja nikuonyeshe!"

Akanipita, viatu mkononi. Aliningoja pale mgungani, tukahema pamoja. Akaniuliza kama ni kweli nilikuwa nakimbia hivyo kwenda shule, bila viatu. Nikamwambia mbio zaidi, na nikamweleza njia yote, mpaka ule mto wa mchanga tulipokuwa tunachimba maji ya kunywa. Tulirudi tukitembea pole pole, yeye akiuliza, mimi nikijibu, na kiongozi kule juu anatupigia kelele tumechelewa.

Mtaro wenyewe ulitoka umepinda kidogo, lakini mvua ilipokuja maji yalisimama pale pale tulipoyataka. Siku hizi Jumamosi simu zetu zinabaki kwa pikapu, ya msichana wangu na yangu. Na kuhusu zile mbio, mimi nilikuwa nimetoka kuchimba, yeye alikuwa amekaa. Nimemwambia hivyo mara nyingi. Hasikii. Asubuhi yeye ndiye anapiga honi nikiwa bado nakunywa chai, eti nisichelewe kushindwa mbio za mgungani.