Msikilizaji wa Tusekile

Tusekile wa Lupepo huchuma chai huku akisimulia. Kwa miaka miwili amemsimulia Elina, jirani yake wa mstari wa pili, safari ya binti mwenye nguvu za ajabu aliyetumwa kurudisha moto uliozimika ndani ya mlima Rungwe. Hakuandika hata neno. Kila aliponyamaza, Elina alidakia, "Halafu?" Sote wachumaji wenzao tuliamini huo ni upendo.

Jumamosi, Tusekile akisukwa kwenye saluni moja ya Msasani, hii ya hapahapa Rungwe, mteja wa pembeni alikuwa akiwasomea wenzake sehemu mpya ya riwaya kwenye simu. Ilikuwa na binti, mlima, na fimbo ya mwanzi inayochipua majani ikisikia uongo. Fimbo hiyo Tusekile aliibuni Alhamisi tu, mvua ikiwanyeshea. Akaomba kuona jina la mwandishi. Lilikuwa la Elina, na picha juu yake, anatabasamu.

Mimi ningemmwagia kikapu chake shambani, tena mbele ya msimamizi. Tusekile alikuja Jumatatu, akasimama mstari wake uleule.

"Tuliishia wapi, dada?" Elina akauliza.

"Mlangoni mwa mlima. Binti aliogopa kuingia. Rafiki yake, yule aliyembebea maji safari nzima, akamshika bega akamwambia, 'Twende, mimi ni wako.'"

"Halafu?"

"Fimbo ikachipua."

Mikono ya Elina ikasimama juu ya majani. Tukamsubiri aulize tena. Hakuuliza.