Mwaka Ziwa Halikufunguliwa kwa Dada

Baridi ya kiangazi ilikuwa imeingia Kindu. Asubuhi watu walitoka wamejifunika nguo za merikani mbili mbili, na ukungu ulikaa juu ya ziwa mpaka jua lipande. Ziwa lile ni dogo, liko katikati ya muji, nyuma ya nyumba za Wangwana, Waislamu wa Kindu. Mto ukishuka unaliacha pale peke yake, na wanawake wanatoa maji kwa vibuyu, wanaokota samaki ndani ya matope.

Lakini hakuna anayegusa maji kama bibi mulinzi wa ziwa hajalizunguka kwanza. Na hazunguki peke yake. Anachukua mwanaume mumoja, kwa sababu wanaume hawana fungu katika samaki wale. Wakikubali wote wawili, ziwa linafunguliwa. Mumoja akikataa, watu wanangoja mwezi mwingine.

Mwaka ule alinichukua mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo, najiona muntu wa kusoma, na kungoja kulinichosha sana.

Mulangoni dada yangu mukubwa akanivuta mukono. Keshokutwa mutumbwi ulikuwa unamupeleka Lokandu kwa bwana yake mara ya kwanza, na alitaka kufika na samaki wa kwetu, aliowakausha yeye mwenyewe.

“Mama mukwe ataangalia mikono yangu kwanza, kisha uso. Utakubali, sivyo?”

“Nitakubali.”

“Na yule bibi umuharakishe.”

Bibi alitembea kama muntu anayetafuta sindano. Akasimama kwa matete, akasimama kwa nyayo za fisi maji, akasimama kuangalia nyange wawili walioingiza shingo ndani ya manyoya kwa baridi.

“Bibi, maji yamepungua, tunaona.”

“Tunaona, wewe na nani? Mimi sijaona bado.” Akacheka. “Wewe ukioa, utakula pilau ya arusi kabla ya kuposa.”

Nikamufuata. Muchanga ulikuwa baridi chini ya miguu, na moshi wa majiko ulianza kushuka juu ya maji. Upande wa pili bibi akaniambia: “Chuchumaa.”

Karibu na ukingo kulikuwa na samaki mupana, mweusi, ametulia. Mbele yake watoto wadogo kama punje za mutama walikuwa wanacheza. Kivuli changu kikaanguka majini. Samaki akafungua kinywa, na watoto wote wakaingia. Nikarudi nyuma kidogo. Kisha akawatoa tena, mumoja mumoja.

Tuliendelea kutembea, na sasa niliwaona wengine, kila mahali penye muchanga. Sijui nilikuwa nimeangalia nini mpaka pale.

Tulipofunga muzunguko, wanawake walikuwa wanatungoja na vibuyu. Bibi akaniuliza mbele yao: “Umeona nini?”

Dada alikuwa mbele kabisa.

“Nimeona samaki wenye watoto kinywani.”

“Basi?”

“Tungoje.”

“Na mimi nasema vile.”

Wanawake wakanung'unika, wakabeba vibuyu, wakaenda. Dada akabaki.

“Ndugu gani wewe! Nimekuomba neno moja tu!”

“Twende nikuonyeshe.”

“Samaki wa kuangalia iko na chumvi?”

Lakini alikuja. Akachuchumaa, akapitisha mukono juu ya maji, kinywa kikafunguka, watoto wakaingia. Akangoja watoke, akapitisha tena. Mimi nikasema twende, jua limepanda, mizigo haijafungwa.

“Ngoja,” akasema. Kisha, bila kuniangalia: “Mama mukwe nitamwambia nini?”

“Umwambie watoto wa samaki bado ni wadogo.”

“Atasema mimi ni muvivu.”

Pengine kweli atasema vile.

Keshokutwa mama akamupatia mupunga na mafuta ya mawese. Mutumbwi ulipotoka, dada alimupungia mama mukono. Mimi hakunipungia. Nikasimama pale mpaka mutumbwi haukuonekana tena.