Moshi wa Mafuta Kando ya Njia

Siku hizi Krismasi huanza madukani mapema, na tarehe yenyewe ikifika watu wamekwisha kuchoka na mifuko imekwisha kutoboka. Mimi huwatazama nikanyamaza. Nilijifunza kuandaa sikukuu katika miaka ya hamsini, tulipokuwa tukikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Voi, chumba kimoja na jiko nje, vumbi jekundu likiingia hata ndani ya birika lenye kifuniko.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule mume wangu alipopandishwa cheo akawa msaidizi wa dereva wa gari la moshi. Baba mkwe wangu, aliyekuwa akikaa milimani huko Chawia, alipopata habari alisema shukrani ya namna hiyo haiwezi kutolewa kwa mdomo mtupu. Tuliyajua hayo mwezi wa kumi, mama mkwe aliposhuka na maboga yake, akaketi nje ya chumba chetu, akanywa maji vikombe viwili kabla ya kusema neno.

"Baba yenu amesema Krismasi hii atachinja mtamba."

"Mtamba yupi, mama?"

"Kwani tuna wangapi?"

Alikuwa mmoja tu, wa rangi ya udongo, na alikuwa na kazi yake. Ilikuwa imekubaliwa kwamba Januari auzwe, wifi yangu mdogo, kitindamimba wa nyumba ile, aende shule ya bweni. Nafasi alikwisha kuipata. Kilichobaki kilikuwa ada, na ada hiyo ilikuwa na miguu minne, ikila majani.

"Umemwambia baba?"

"Nimemwambia. Amesema shule haitahama."

"Na mtoto mwenyewe anasemaje?"

Mama mkwe akatazama reli. "Hajui. Kila jioni anamkatia mtamba majani laini kabisa. Anasema akinenepa bei itapanda. Na kadiri anavyonenepa, ndivyo mzee anavyomtamani."

Mume wangu aliporudi kazini nilimweleza. Alinawa uso, akajifuta polepole, akasema, "Yule ni baba yangu, na anataka kushukuru kwa ajili yangu. Nitamwambiaje asishukuru?"

Basi kazi ikabaki kwangu, nami nilikuwa na tatizo ambalo mfanyabiashara yeyote angelia akilisikia. Mimi, niliyekuwa nikiogopwa na wauza viazi wa soko zima la Voi, sikuruhusiwa kuzungumza na mtu niliyetaka kupatana naye. Katika boma lile mke wa mwana hakusema na baba mkwe ana kwa ana. Ulimpitishia maneno mama mkwe, au mtoto, au uliyasema kwa sauti ukiwatazama mbuzi, naye akawajibu mbuzi haohao.

Nikamtuma mama mkwe na swali moja: baba anataka Krismasi iweje ili asione haya mbele ya majirani? Jibu lilichukua majuma mawili kushuka mlimani. Alitaka mambo matatu. Mtu anayepita njia ya chini asikie harufu ya nyama. Kila mtoto wa boma avae nguo mpya. Na asiondoke mgeni bila chai yenye sukari, sukari ya kweli, si ya kuonjeshwa. Yakipatikana hayo pasipo mtamba, basi mtamba aishi.

Nikayapigia hesabu, kisha nikapiga tena, maana hesabu ya kwanza huwa ina matumaini mengi.

Sukari ndiyo niliyoianza. Kila mume wangu alipolipwa nilinunua kidogo zaidi ya mahitaji yetu, nikaitia katika debe la biskuti, nikalifunga kwa kitambaa na kuliweka chini ya kitanda juu ya sahani ya maji ili sisimizi wasifike. Mume wangu alinywa chai chungu tangu mwezi wa kumi. Mara moja aliniuliza kama nimegombana naye.

Nguo zilinipeleka kwa mwenye duka mmoja karibu na stesheni. Nilikuwa nimeona jora la kitambaa cha buluu chenye madoa meupe likikaa dirishani miezi mingi, na upande mmoja umechujuka kwa jua.

"Bwana, kitambaa chako kimeungua."

"Hakijaungua, mama. Hiyo ndiyo rangi yake."

"Rangi mbili kwa bei ya moja?"

"Mama, wewe unataka mimi nife njaa."

"Ukifa njaa na duka limejaa mchele, kosa si langu."

Nilitoka mara mbili, akaniacha niende. Mara ya tatu aliniita kabla sijavuka mtaro. Nilichukua jora zima. Pale palipochujuka fundi alipakunja ndani kwenye pindo na kwenye viuno, ambako hakuna anayetazama isipokuwa mama mtu siku ya kufua. Watoto wa boma nilikuwa nimewahesabu kumi na mmoja. Nilipohesabu tena walikuwa kumi na wawili. Ilibainika kwamba mmoja ni wa jirani, ila alikuwa akila pale tangu siku nyingi hata yeye mwenyewe alikuwa amesahau. Naye nikamshonea.

Ikabaki nyama. Nyumba nne za mlima ule zilichanga tukanunua fahali mmoja huku chini, ambako ng'ombe ni rahisi kuliko kule juu, vijana wakampandisha kwa miguu. Siku moja kabla ya Krismasi alichinjwa, nyama ikapangwa mafungu manne juu ya majani ya migomba. Hapo nikamnong'oneza mama mkwe aseme kwamba sisi tunaacha paja letu, na badala yake tunachukua kichwa, miguu yote, matumbo, na mafuta yote.

"Eh!" akasema jirani mmoja. "Hawa wa reli wamepandishwa cheo au wameshushwa?"

Wakacheka sana. Mimi nilikuwa nikiangalia ukubwa wa fungu letu, ambalo sasa lilijaza makarai mawili. Paja huliwa likaisha. Kwato ukizichemsha kutwa, zinatoa mchuzi unaogandamanisha midomo, na mchuzi haujui idadi ya watu.

Lile sharti la harufu nililitimiza kwa njia niliyojiona bingwa kwayo. Asubuhi ya Krismasi watu walipokuwa kanisani niliwasha makaa kando ya njia, nikawa nayatupia vipande vya mafuta, kimoja kimoja. Mafuta yakalia, moshi ukafuka. Pua ya mpita njia ingeapa kwamba huku kuna nyama choma ya ng'ombe mzima.

Nilisahau jambo moja. Mimi ni mtu wa tambarare, kwetu ni Mata, na kule kwetu moshi hupanda ukapotea. Pale mlimani, asubuhi ya baridi, moshi haupandi. Ulitambaa bondeni, ukakaa, ukasambaa hadi mlima wa pili. Watu waliotoka kanisani walikutana nao njiani, na kwa desturi ya pale harufu ya nyama siku ya Krismasi ni mwaliko tosha.

Wakaja. Kwanza wale niliowatarajia, wakifuatwa na wengine, mpaka wakaja ambao hata mama mkwe aliwasalimia kwa kubahatisha.

"Tumesikia harufu," akasema bibi mmoja, "tukasema, huko kuna heri."

Watoto wetu walipopanga mstari kusalimia, wote katika buluu yenye madoa, mzee mmoja aliuliza, "Hii ni familia au ni kwaya?"

Baba mkwe alikuwa akitembea kifua mbele, akicheka, akiwashika watu mikono. Baadaye nikamwona amesimama, midomo ikicheza kidogo. Alikuwa akihesabu. Akatazama sufuria, akatazama watu, akaingia ndani ya nyumba. Alipotoka alikuwa na kamba mkononi.

Wifi yangu alikuwa zizini na fungu lake la majani. Alimwona baba yake anakuja, akaiona kamba, akawaona wageni nyuma yake. Hakuna aliyemwambia kitu; alielewa yote kwa mara moja. Majani yakamwanguka. Hakulia. Alimshika mtamba shingoni tu, akatulia, kama mtu aliyeshika mzigo unaotaka kuchukuliwa na mwenyewe.

Niliweka upawa chini. Sikumbuki kutembea. Ninakumbuka nimesimama mbele ya mlango wa zizi, macho yangu kwenye viatu vyake, nikisema naye, si na mbuzi.

"Baba, jua limepita kichwani. Huyu akichinjwa sasa, ataiva saa ngapi? Wageni hawa watakuwa wamelala makwao. Watakaomla ni watu wa kesho, na hao hatujui kama wanatupenda."

Mume wangu alitazama juu, kana kwamba anasubiri mvua.

Nikaendelea, maana ukishafungua mdomo kupatana, kunyamaza ni hasara. "Nipe mpaka sufuria ile iishe. Ikiisha kabla watu hawajaondoka, kamba nitaishika mimi mwenyewe."

Baba mkwe akaitundika kamba kwenye mwimo wa mlango, palepale, tuione wote.

Nilirudi jikoni nikafanya kazi ambayo sijapata kufanya tena. Nilitoa chai kwanza, tamu sana, vikombe vikizunguka, kwa sababu tumbo lenye chai tamu halina haraka. Mama mkwe alipitisha neno kwa wanawake wa jirani, na vikaja vyungu vya kimanga, kile chakula chetu cha maharagwe yaliyopondwa pamoja na mihogo, kizito, mtu akila bonge moja anatafuta pa kuegemea. Juu ya kimanga nilimwaga mchuzi wa kwato. Niliongeza maji, nikaongeza chumvi, nikaongeza maji. Kila nikigeuka niliiona kamba. Wifi yangu hakutoka zizini.

Kilichotuokoa mwishowe ni hali ya hewa. Alasiri ukungu ulianza kuteremka, na mtu wa milimani akiuona ukungu hukumbuka njia yake. Wakaaga mmoja mmoja, wakisifu. Yule jirani aliyetucheka aliniuliza kwato zilipikwaje.

Wa mwisho alipopotea kwenye ukungu, baba mkwe alikuja hadi kwenye sufuria, akainama, akaangalia ndani.

"Imebaki," akasema. Aliniambia mimi.

"Imebaki, baba."

Akaleta bakuli lake. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na hakuna kati yetu aliyeligundua hilo. Nikampakulia kilichokuwamo, ukwato mmoja na mchuzi. Akala amesimama, akafuta bakuli kwa kidole.

"Sasa imeisha," akasema.

"Wageni wameondoka, baba."

Akanitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika ukuta. Baadaye alikwenda zizini, akaondoa kamba, na nikamsikia akimwambia binti yake aingie ndani, baridi itamuua, na ada haiibiwi usiku mmoja.

Januari mtamba alishushwa Voi kuuzwa. Baba mkwe aliongozana nasi hadi mnadani, kisha akanipa kamba na kurudi nyuma hatua chache. "Wewe sema nao," akaniambia. "Mimi huona haya kutaja bei." Mnunuzi wa kwanza alipotaja yake, nilicheka, nikamgeukia wifi yangu, ambaye alikuwa amekaa juu ya sanduku lake jipya la bati, nikamwambia asishuke, bado tunaanza.