Madaftari Yamegeuza Njia

Juzi mpakani Tunduma nilishuhudia Mzambia akishika daftari la kwetu, akalamba kidole, akasugua karatasi. Mwenye duka, mama wa Igamba, huku Mbozi, ambaye hajawahi kupata mteja wa ng'ambo ya mpaka, akamsogezea kalamu.

"Bamayo," Mzambia akamwita mama kwa lugha ya kwao, "ya kwenu zamani yalikuwa yanakunywa wino."

"Andika, dada! Kandamiza kama unamkomoa mtu!" mwenye duka akamjibu.

Mzambia akakandamiza kalamu, akageuza ukurasa. Nyuma kweupe.

"Nifungie maboksi yote," akacheka.

Zamani sisi ndio tuliovuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kufuata madaftari ya kwao. Mimi hapa nilibeba ya Mbozi nzima kichwani, malori yananipisha. Kipara hiki mnachokicheka kimetoka huko! Juzi nikakipapasa, nikakiambia: haya, nywele sasa ziote.