Sinyati Ang'oa Migomba Aliyoipanda Mwenyewe

Saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye miteremko ya Mlima Meru juu ya Kimandolu, Sinyati Lerionka anang'oa mgomba wa kumi na saba. Ameshaukata kwa panga, sasa anachimbua shina kwa mtaimbo. Mgomba wenyewe hauna ugonjwa wowote. Ulikuwa na mkungu ambao ungekomaa baada ya mwezi mmoja.

"Ukiacha shina linachipua tena," anasema, akijifuta jasho kwa kiwiko. "Nimeambiwa kisibaki kitu."

Ana miaka ishirini na sita. Miaka mitano iliyopita alikuwa akiosha vyombo kwenye hoteli moja mjini kwa shilingi laki moja kwa mwezi, mshahara ukitoka. Hoteli ilipofungwa alirudi nyumbani na begi moja. Baba yake alikuwa ameshafariki na shamba lake wamegawiwa kaka zake wawili. Sinyati, mtoto wa kike, hakupata kitu, na hakuna aliyeona ajabu.

Aliyemwonea huruma ni baba yake mdogo, Mzee Kisioki. Alimpa robo ekari ya kulima, kipande cha mteremkoni kilichojaa mawe, ambacho kazi yake ilikuwa kulishia mbuzi tu.

Alianza na kuku kumi. Kuku wakazaa pesa ya ndama jike. Ndama alipokuwa ng'ombe wa maziwa, mbolea yake ikawa inaingia shambani kwa ndoo kila asubuhi. Maharage yakakubali, kisha mahindi, kisha mboga. Mwaka jana, kwa maziwa, mayai na mchicha, alikuwa akibaki na kama laki tatu na nusu kwa mwezi. Kwa kijana asiye na cheti, huo si mchezo.

Kosa lake lilikuwa kupanda migomba.

Huku, mtu aliyepewa shamba la kulima tu hupanda vitu vinavyovunwa vikaisha. Mgomba hauishi. Ukiukata unaacha watoto, na watoto nao wana watoto wao. Ukiupanda kwenye ardhi ya mwenzio umeshatangaza kwamba ardhi ni yako, hata kama hujafungua mdomo.

"Nilijua, nani hajui?" anasema Sinyati. "Lakini kiangazi ng'ombe anataka majani, na mgomba unamlisha. Halafu kwenye semina walituambia tupande zao la kudumu. Nikajiambia, huyu si jirani, ni baba yangu mdogo. Nilidhani mimi ni mtoto wa hapa. Kumbe ni mpangaji."

Semina hizo nimehudhuria nyingi. Vijana hupewa soda, fulana na maneno matamu kuhusu kujiajiri. Sijasikia hata siku moja mtu akiwauliza ardhi wanayolima ni ya nani.

Kikao cha ukoo kilikaa mwezi uliopita. Sinyati aliitwa mwishoni, kusikia uamuzi tu: migomba yote thelathini na miwili ing'olewe, na akishavuna maharage aliyonayo shambani, akabidhi kipande cha watu. Alipiga magoti akaomba msamaha, haikusaidia.

"Sina ugomvi na huyu mtoto," Mzee Kisioki ananiambia nyumbani kwake, hatua chache kutoka shambani. "Shamba la binti liko kwa mume wake. Mimi nina kijana wangu, mwakani anaoa. Atakaa wapi?"

Namuuliza kwa nini kijana huyo hakupewa kipande hicho kilipokuwa mawe matupu.

"Wakati ule kilikuwa hakifai," anajibu.

Nikirudi na habari za mume kwa Sinyati, ambaye hajaolewa, anacheka kidogo, peke yake. "Huyo mume labda yuko migodini Mirerani bado anatafuta jiwe."

Ng'ombe itabidi auzwe, maana Sinyati hatakuwa na pa kumfunga wala cha kumlisha. Mashina haya yatamtosha wiki mbili, labda tatu.

"Ng'ombe ataenda, sawa. Mbolea ndiyo inaniuma," anasema. "Miaka minne nimebeba ndoo. Iko humo chini yote, siwezi kuichota."

Kabla ya saa nne Mzee Kisioki anakuja, fimbo mkononi. Sinyati anaweka mtaimbo chini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Naona umefanya kazi." Mzee anaizunguka safu ya mwisho, migomba sita yenye mikungu minene, na kuigusagusa kwa fimbo. "Hii ya huku iache tu, mwanangu. Kijana ataitunza."

Sinyati anainama kuokota panga.

"Wazee walisema yote, baba mdogo. Sitaki kuwavunjia heshima mara ya pili."

Mzee anaondoka bila kuaga. Sinyati anaupiga panga mgomba wa kwanza wa safu ile, mkungu unaanguka na ndizi mbichi zinapasuka. Sasa analia waziwazi, lakini haachi kuchimba.

Pesa ya ng'ombe, anasema, hataila. Ataiweka hadi apate kiwanja kidogo Terrat, kwenye ukame, ambako bei bado inashikika. Namkumbusha kwamba kule mgomba haustawi bila maji.

"Nitaumwagilia hata maji niliyofulia," anasema. "Nikinunua changu, hata kiwe cha kutosha kuzika mtu mmoja, kabla sijachimba choo napanda mgomba. Halafu aje mtu aniambie ng'oa."