Mtumbwi wa Dhiraa Kumi na Tatu

Siku ya ndoa yangu nilifika ukingoni mwa mto hapa Kindu nikiwa na kanzu mpya na elimu ya miaka minne ya Misri. Elimu ndiyo iliyoniponza.

Bibi harusi alikuwa ng'ambo ya Lualaba. Shehe wa kutuozesha alikuwa ameleta neno: ikifika alasiri anarudi kwake Lokandu, hamngoji mtu.

Mtumbwi wa kuvukia ulikuwa na wenyewe watatu. Fundi aliyeuchonga alikuwa na nusu, mwenye mti theluthi, na mama muuza samaki, aliyewalisha wachongaji, robo. Abiria, pamoja na nauli yake, alikuwa wa yule mwenye sehemu aliyoketi. Miaka miwili walivusha watu kwa amani, maana hakuna aliyewahi kujumlisha.

Nilipoketi katikati, wote watatu wakanidai. Nikasimama kuwafundisha.

"Nusu na theluthi hazijumlishwi hivihivi. Kwanza tuzikate vipande vya namna moja. Mtumbwi una dhiraa kumi na mbili: nusu ni sita, theluthi nne, robo tatu."

Nikachora mistari kwa mkaa. Sita za fundi, nne za mwenye mti. Zikabaki mbili.

"Mwalimu, ya tatu yangu iko wapi?" mama akauliza.

"Haipo, mama. Jumla yenu ni kumi na tatu."

"Asubuhi ilikuwako! Umekuja na mukaa yako, njo imepotea!"

Mwenye mti akachungulia ndani ya mkoba wangu. Nikashauri tuugawe mtumbwi mafungu kumi na matatu, kila mmoja apungukiwe kidogo.

"Nusu njo nusu," fundi akasema. "Kule Misri walikufundisha kupunguza bantu?"

Jua likapinda. Mwishowe fundi akakata gogo la dhiraa moja, akalifunga kwa kamba nyuma ya mtumbwi. Robo ikatimia. Mama akasema abiria wa kwanza wa robo kamili ni mimi. Na kwa kuwa dhiraa zake mbili za ndani zilijaa vikapu vya samaki, nikavuka nimepanda gogo, maji kiunoni.

Ng'ambo, shehe alikuwa ametia mguu mmoja mtumbwini mwake.

"Ulikuwa wapi?"

"Shehe, ilikuwa nusu, theluthi na robo, sasa ukizijumlisha..."

Akatia mguu wa pili.

"Shehe, muozeshe hapo hapo!" baba mkwe akapiga kelele, akinishika mkono uliokuwa ukichuruzika.

Shehe hakushuka. Akasoma yaliyohitaji kusomwa, kasia magotini, kisha akaniuliza kama nimekubali. Nikavuta pumzi nimweleze kwanza habari ya gogo. Baba mkwe akanikanyaga kidole.

"Nimekubali," nikasema.